Kabla ya Kumwaga Zege, Muulize Fundi Maji Yataenda Wapi

Katika kazi zote za ujenzi, hapana inayoonekana nyepesi machoni pa mwenye nyumba kama kusakifu njia ya kuingilia nyumbani. Ukuta wataka timazi, paa lataka mbao zilizonyooka, ngazi zataka hesabu; lakini njia, watu husema, ni kumwaga na kusawazisha tu, basi. Ndiyo sababu kazi hii huachwa mpaka mwisho, pesa zimekwisha na subira nayo imekwisha, akaitwa yeyote aliye na mwiko na beleshi. Na ndiyo sababu, msomaji wangu, ukitembea kutoka Kongowea mpaka Bamburi, au ukivuka feri kwenda Likoni, utaona nyumba zilizopakwa rangi ya kupendeza, na mbele yake njia za zege zilizopasukapasuka kama gamba la kobe.

Nimekaa na waashi kadhaa wa huku kwetu, wengine wazee wa kazi na wengine vijana, nikawauliza kuhusu jambo hili moja: mtu anayetaka njia ya gari au kijia cha kutokea mlangoni mpaka langoni, amtafute fundi wa namna gani, na apatane naye vipi? Majibu yao yalinifunza kwamba jambo hili ni pana kuliko nilivyodhani, na kwamba simiti, kama wanavyoiita wengi wetu, ndiyo sehemu yake ndogo.

Kwanza, neno lenyewe. Wazee wetu waliposema zege walikuwa na maana ya kuba, lile dari la kuviringa. Na sakafu, ambayo kwetu leo ni pale unapokanyaga, ukiifuata kwenye asili yake ya Kiarabu utaikuta ni paa. Maneno yote mawili yalikuwa juu ya vichwa vyetu, yameshuka mpaka chini ya nyayo. Nadhani sababu yake ni kwamba kazi ilikuwa moja. Dari la nyumba ya mawe lilifanywa kwa vipande vya matumbawe na chokaa, vikamwagwa juu ya boriti, kisha watu wakapanga safu na kuyatwanga kwa vijiti siku kadhaa, huku wakiimba, mpaka yakashikana yasipitishe maji. Aliyejua kulisakifu dari alijua kuisakifu na sebule.

Chokaa hiyo ilichomwa hapahapa. Magogo yalipangwa mviringo, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu yake, moto ukawashwa, na baadaye mawe yaliyoiva yakazimwa kwa maji yakawa unga mweupe. Ilikuwa kazi ya polepole, na chokaa yenyewe ni ya polepole katika kushika. Lakini tazama Gedi, mji uliohamwa karne nyingi zilizopita. Kuta zake zimesimama mpaka leo. Tazama Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001: vichochoro ni vyembamba, gari halipiti, lakini kila kichochoro kina mfereji wake, na maji ya mvua yajua njia ya kwenda baharini. Mwashi wa zamani hakuweka jiwe kabla ya kujua maji yatapita wapi.

Kisha ikaja saruji. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuitoa mwaka 1954, na tangu hapo jiwe la unga likawa kitu cha kununuliwa dukani. Sina ugomvi na saruji. Imewajengea nyumba watu ambao chokaa na boriti zisingewatosha. Ninachosema ni kwamba ilileta haraka, na haraka ikamfanya mwenye nyumba aamini kwamba ufundi umo ndani ya mfuko.

Miaka michache iliyopita bwana mmoja wa mtaa mmoja huko Kisauni alinunua gari, akataka njia ya kuliingiza uani. Akaleta kontrakta kutoka mbali, mtu mwenye mashine ya kukorogea zege na vijana waliovaa viatu vya mpira. Kwa siku mbili kazi ikawa imekwisha. Njia ilikuwa nzuri, sisemi uongo: laini, imenyooka kama mkeka uliotandikwa kwa wageni. Kontrakta akalipwa, akaenda zake.

Zikaja mvua za Novemba 2023, ambazo sisi watu wa Pwani hatujazisahau. Maji yaliyokuwa yakinywewa na mchanga wa ua ule kabla hayajafika popote, sasa yalikuta uso mgumu. Yakakusanyika, yakatelemka, yakauvamia uchochoro, yakaingia jikoni kwa jirani, mama mjane aliyepita miaka sabini. Unga ukaharibika, mkaa ukaloa, godoro la mjukuu likabebwa nje kama maiti. Mama yule hakugomba. Alinyamaza, na kimya cha mjane ni kizito kuliko matusi. Nyumba mbili hizi zilikuwa zikipelekeana futari miaka na miaka. Kila magharibi ya Ramadhani sinia ilivuka ule uchochoro. Ramadhani ya 2024 haikuvuka.

Bwana mwenye gari alimpigia simu kontrakta. Simu mara yaita bila kujibiwa, mara haipatikani. Aliyeitwa hatimaye ni mwashi wa mtaani, mzee ambaye nyumba yake iko nyuma ya msikiti na ambaye babake alikuwa mchoma chokaa. Nilikuwapo siku aliyokuja kutazama. Hakubeba mwiko wala kamba. Alitembea polepole ukutani, akitazama alama za tope zilizoachwa na mvua, akazipima kwa shibiri yake. Kisha, kabla ya kusema lolote na aliyemwita, alikwenda kubisha hodi kwa yule mama.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukuomba ruhusa niutazame ukuta wako wa jikoni."

"Marahaba baba. Tazama tu, si umeshaharibika."

Aliporudi aliniambia, "Maalim, zege hili halina kosa. Nguvu linazo. Walioliweka hawakuyauliza maji."

"Sasa mzee wangu, tulivunje lote?" akauliza mwenye gari, na uso wake ulionyesha hesabu anayoifanya moyoni.

"Usivunje, mwanangu. Tutalikata hapa, na hapa."

Akakata mfereji wa kukingama mahali njia inapotelemkia, akaufunika kwa wavu wa chuma ili gari lipite, akayaongoza maji mpaka pembe ya ua penye minazi, na huko akachimba shimo akalijaza mawe ili ardhi iyanywe maji polepole. Mlangoni kwa mama akaongeza jiwe moja la kizingiti. Siku tatu, yeye na vijana wawili. Tangu hapo mvua zimekuja na kwenda na jiko ni kavu. Sinia ilivuka tena Ramadhani ya 2025, ingawa ilibebwa na watoto. Wakubwa wenyewe hawajarudi kukaa baraza moja.

Basi swali la kwanza la kumuuliza fundi yeyote, kabla ya bei, kabla ya siku atakayoanza, ni hili: maji yataenda wapi? Akikujibu palepale bila kuinua macho kutazama ua wako na wa jirani, mpe kahawa umwage salama. Fundi anayeijua kazi atauliza mvua ya mwaka, ile ya Aprili na Mei, hutuama wapi. Atauliza mlango wa jirani uko upande gani. Atakwambia njia lazima iinamie mbali na ukuta wa nyumba, kiasi cha sentimita moja au mbili kwa kila mita, na kama njia ni ya mita tatu kwa upana, basi upande mmoja utakuwa chini ya mwenziwe kwa sentimita tatu hadi sita. Jicho halioni mteremko huo, lakini maji huuona. Na mtaro wa barabara ulio mbele ya lango si mali yako. Ukitaka gari livuke, lazima upitishwe bomba au daraja chini yake, na ruhusa iombwe kwa wanaohusika na barabara ile. Wapo wanaoufukia usiku usiku, na mtaa mzima hulala majini.

Kwa nini basi fundi wa mtaani? Hapa nataka nieleweke vizuri, maana neno "mwenyeji" hutumiwa vibaya. Simaanishi kabila wala ukoo. Mwashi aliyetoka Ukambani au Nyanza, akaishi Likoni miaka ishirini, akazika na kuoza pamoja nasi, huyo ni mwenyeji. Na mtoto aliyezaliwa Kuze, akahama, harudi ila kuchukua malipo, huyo ni mgeni kwa hesabu ya kazi. Mwenyeji ni yule utakayekutana naye sokoni kesho. Kazi yake mbovu inamkalia njiani kila apitapo, na watoto wake wanaisikia ikisemwa. Hiyo ni dhamana ambayo hakuna karatasi ya kontrakta itakayoishinda.

Faida ya pili ni kwamba anaijua ardhi. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na mahali pengi ukichimba shibiri mbili umeligonga. Kisauni na Bamburi kuna mchanga unaokimbia chini ya mguu. Ukipanda Changamwe na Miritini wakuta udongo mzito unaovimba ukiloa na kupasuka ukikauka. Njia ya zege haiwezi kuwekwa namna moja katika sehemu hizo zote. Penye mchanga, kazi kubwa ni kushindilia. Penye udongo mzito, utaondolewa kwanza, yajazwe mawe yaliyopondwa, yashindiliwe tabaka baada ya tabaka. Mgeni hafahamu mpaka zege limeshapasuka.

Na mwenyeji anaijua bahari. Jambo hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa bado wapo watu wanaochota mchanga wa ufuoni kwa sababu ni wa bure. Mchanga ule una chumvi. Ndani ya zege lenye nondo au wavu wa chuma, chumvi huula ule chuma. Chuma kikishika kutu huvimba, na kikivimba hulipasua zege kwa ndani. Utaona ufa leo, lakini kazi ya uharibifu ilianza siku ya kwanza. Hata zege lisilo na chuma hutoa ukungu mweupe wa chumvi. Kadhalika maji: kisima kikiwa na ladha ya chumvi ulimini, maji yake ni ya kuoshea vyombo vya kazi, si ya kukorogea. Waashi wanasema, maji usiyoweza kuyanywa usiyape zege. Mchanga mzuri ni wa mto au wa machimbo, kama unaoletwa na malori kutoka upande wa Kwale. Ukiufumbata na kuuachilia, kiganja kisibaki na tope.

Vipi utamjua fundi mwenyewe? Usiangalie kazi yake ya jana. Zege la jana lote ni zuri, kama vile bibi arusi. Mwambie akupeleke penye njia aliyoiweka mwaka juzi, iliyoonja masika mbili. Tazama kama nyufa zimekwenda ovyo au zimekaa ndani ya mistari aliyoichora yeye. Tazama kingo: zimemeguka? Kisha, fundi akiwa ametoka kando, mwulize mwenye nyumba swali moja tu: alipohitajiwa tena, alikuja? Kuanzia mwaka 2011 ipo pia sheria iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, ambayo husajili makontrakta na kuwatambua mafundi kwa vyeti. Mwenye cheti na akuonyeshe, ni jambo jema. Lakini cheti hakikupunguzii haja ya kwenda kutazama kazi kwa macho yako.

Katika Sura ya Al-Qasas tunasimuliwa habari za Nabii Musa alipofika Madyan, na binti mmoja akamshauri babake amwajiri kijana yule, akitaja sifa mbili za mtu wa kuajiriwa: nguvu na uaminifu. Tulifunzwa aya ile chuoni tukiwa wadogo, tukaikariri kwa sauti bila kuifikiria. Sasa nikiwatazama waashi nafahamu kwamba moja bila ya mwenzake haifai. Mwenye nguvu asiye mwaminifu atakuwekea zege la inchi mbili katikati na inchi nne pembezoni, kwa sababu pembezoni ndiko kunakoonekana. Mwaminifu asiye na nguvu ya kazi atakuonyesha pole zake tu.

Nilipowauliza waashi habari ya vipimo, walinipa hesabu ambayo sisi watungaji wa mashairi twaweza kuielewa mara moja. Shairi lina mizani. Ukipunguza moja msikilizaji hujikwaa, ukizidisha moja hujikwaa vilevile. Zege nalo lina mizani yake: saruji sehemu moja, mchanga sehemu mbili, kokoto sehemu nne. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, haujazi madebe mawili ya lita ishirini. Kwa hiyo mfuko mmoja wataka mchanga madebe matatu na nusu na kokoto madebe saba. Unaweza kusimama barazani ukahesabu kwa tasbihi ukitaka. Fundi mwaminifu hatachukia.

Kiasi je? Chukua njia ya gari yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 3. Kwa gari, zege linapasa kuwa na kimo cha sentimita 15, yaani inchi 6. Zidisha, utapata mita 4.5 za ujazo. Kila mita moja ya ujazo hula mifuko sita na kidogo, kwa hiyo kazi yote itakula mifuko 28 hadi 30. Fundi anayekuambia ataimaliza kwa mifuko 15 hakuonei huruma. Ama atapunguza kimo, ama atazidisha mchanga. Kijia cha miguu ni mambo mepesi zaidi: sentimita 10 zatosha, na kijia cha mita 12 kwa upana wa mita moja hakifiki mifuko tisa. Kwenye mfuko wa saruji utaona nambari, 32.5 au 42.5, hiyo ni nguvu yake inayopimwa baada ya siku 28. Kwa njia itakayobeba gari, waashi wanaoijua kazi huchagua ile ya juu. Na mfuko usilazwe sakafuni, kwani unyevu wa Pwani hupenya karatasi na saruji ikaganda mabonge kabla hujaitumia; ulazwe juu ya mbao.

Adui mkubwa lakini ni maji ya kukorogea. Vijana wanaobeba karai hupenda zege jepesi, linalomiminika kama uji wa Ramadhani, kwa kuwa halichoshi mkono. Mfuko mmoja wahitaji lita 25 hadi 28 tu, na pungufu ya hapo kama mchanga umeloa. Maji yanayozidi hayapotei bure; yakitoka huacha vitundu, na zege la vitundu ni dhaifu. Mwashi mmoja wa Likoni alisema kwamba akiona kijana anaongeza ndoo bila ruhusa humwondolea beleshi kwa siku hiyo. Nilidhani ni ukali. Baada ya kuona njia zake, naona ni haki.

Kuna na suala la nyufa. Zege lote hujikunja linaposhika, na likijikunja litapasuka. Hakuna fundi awezaye kulizuia. Anachoweza ni kulichagulia mahali pa kupasuka. Ndiyo maana ya ile mistari ya kukingama unayoiona kila baada ya mita tatu. Mstari uingie ndani kiasi cha robo ya kimo cha zege. Ukichorwa juujuu kwa ncha ya mwiko ni pambo tu.

Sasa twende kwenye mapatano, ambapo urafiki mwingi huvunjikia. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Nashangaa basi kuona Waislamu wenzangu, watu wa sala tano, wakipatana kazi ya maelfu ya shilingi kwa maneno ya mlangoni: "Wewe fanya tu, bwana, hatutagombana." Neno hilo ndilo mwanzo wa ugomvi. Mzee wa Madyan na Nabii Musa walitaja muda wao waziwazi, miaka minane, na kumi akipenda mwenyewe, na wakamfanya Mwenyezi Mungu shahidi wa maneno yao. Sisi ni nani tusitaje?

Karatasi moja ya daftari yatosha. Iandikwe urefu, upana na kimo. Iandikwe nani ananunua vifaa na nani atavilinda usiku. Iandikwe kama bei ni ya kazi nzima au ya kutwa, maana kutwa huwa na kawaida ya kurefuka. Iandikwe maji ya mvua yatatokea wapi. Wote wawili watie sahihi, na jirani mmoja ashuhudie. Akiwa ni yule jirani ambaye maji yangemfikia, ni bora zaidi. Malipo yagawanywe: ya kwanza ardhi ikiisha kushindiliwa, ya pili zege likiisha kumwagwa, na kisehemu kibaki nyuma. Siku hizi mtu hutuma pesa kwa simu, na ujumbe wa M-Pesa ni shahidi asiyesahau tarehe.

Ama vibarua, hapa ndipo penye haya. Fundi hupokea pesa, akawaambia vijana mwenye nyumba hajalipa. Au mwenye nyumba hajalipa kweli, akajificha nyuma ya fundi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamrisha ujira wa mfanyakazi utolewe kabla jasho lake halijakauka. Mwenye nyumba hana kinga kwa kusema, "Mimi nilipatana na fundi." Kijana aliyebeba karai mia mbili kutoka asubuhi mpaka alasiri juani amezibeba kwenye ua wako. Mwulize mwenyewe kabla hajaondoka. Na vikipigwa vyombo vya chakula, awemo. Kwa wakati wa sala, apewe maji na pahala. Zege halimwagwi likaachwa nusu, kwa hiyo fundi mwenye akili huanza mara baada ya alfajiri ili mstari wa mwisho ufungwe kabla ya adhuhuri. Msimu wa kaskazi, jua likiwa kali na upepo ukikausha, saa hizo za asubuhi ndizo zenye salama hata kwa zege lenyewe.

Nisisahau wazee na wagonjwa. Kijana wa siku hizi ataka njia ing'ae kama kioo, na fundi humfurahisha kwa kuipiga niru ya saruji. Mvua ikinyesha, ile niru huwa sabuni. Mzee anayetoka alfajiri gizani kwenda msikitini na mkongojo wake ataijua kwa kiuno. Njia ya nje yapasa kuburutiwa ufagio wa chelewa ingali mbichi, iache mikwaruzo ya kukamata mguu. Na pale kijia kinapokutana na baraza, badala ya ngazi moja ya ghafla, fanya mteremko wa polepole. Leo ni wa kiti cha magurudumu cha mgeni, kesho huenda ni chako.

Wala usiusakifu ua wote. Naiona tabia hii ikienea, mwarobaini unakatwa, mkungu unang'olewa, ua mzima unakuwa zege kutoka ukuta mpaka ukuta, na mchana hapakaliki kwa joto. Mvua ndiyo inayovipa visima vyetu maji matamu juu ya yale ya chumvi. Ukiizuia isiingie ardhini, usishangae kisima kikibadilika. Sakifu panapopita magurudumu na panapopita miguu. Kwingine waachie kuku.

Zege likishamwagwa, fundi huosha vyombo vyake akaenda, na hapo kazi huhamia kwa wenye nyumba. Watu husema, "Liache likauke." Sivyo. Zege halikauki, hushika, na katika kushika kwake hunywa maji. Likikaukiwa mapema uso wake hugeuka unga. Kwa hiyo litandikwe magunia yaliyoloweshwa, au lizungushiwe kingo za mchanga lijazwe maji kama bwawa, asubuhi na jioni, kwa siku zisizopungua saba. Watoto wapewe zamu. Ni kazi wanayoipenda kuliko chuo. Mbuzi afungwe. Gari lilale nje wiki moja hiyo, na lori la maji lisiingie kabla ya siku 28, hata dereva akiapa kwamba ataingia polepole.

Kisha fundi arudi achukue kile kisehemu kilichobaki. Mwenye nyumba na achote ndoo ya maji, aimwage penye kilele cha njia karibu na mlango, na wote wawili, pamoja na jirani aliyetia sahihi, wasimame watazame yanakokwenda.